Kutwaharisha na Kusafisha Mapipa Yaliyowekewa Vyakula: Kwa Maji ya Nyumbani na Maji ya Samaki wa Mapambo

SWALI

Sisi ni wakaazi wa Mbweni, Unguja. Tumenunua mapipa matatu ya plastiki ya buluu yaliyokwishatumika. La kwanza tumeambiwa lilikuwa na zeituni, la pili siki, na la tatu muuzaji hajui lilikuwa na nini. Tunataka mawili tuweke maji ya kutawadhia na ya jikoni, na moja maji ya tangi la samaki wa mapambo wa kijana wetu. Je, yanafaa kisharia? Na tuyasafishe vipi?

JIBU

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba wake. Ama baada ya hayo:

Suala hili linazigusa nyumba nyingi. Unguja haina mto mkubwa, na maji yetu mengi hutoka visimani na kwenye chemchemi. Maji ya mfereji yakitoka kwa zamu, pipa ndilo linalosimamisha nyumba, na pipa lililotumika ni rahisi kuliko jipya.

Kwanza tutenganishe maswali mawili ambayo watu huyachanganya: je, pipa hili ni twahara? Na je, ni salama? Pipa lililowekewa dawa ya kuulia wadudu huenda halina najisi hata tone, na likamuua anayekunywa maji yake. Na pipa la mvinyo lililofutwa kwa kitambaa likang'ara, kwa madhehebu yetu ya Shafi bado lina najisi, kwa sababu najisi huondoshwa kwa maji. Kila pipa liulizwe maswali yote mawili, na jawabu la moja halitoshi kuwa jawabu la jengine.

1. HUKUMU YA TWAHARA

Asili ya vitu ni twahara mpaka ithibiti najisi. Shaka tupu haiondoi yakini. Kwa hiyo pipa ambalo halijulikani lilikuwa na nini halihukumiwi kuwa ni najisi kwa dhana tu.

Ikiwa ipo sababu ya kudhania, tunao muongozo. Swahaba Abu Tha'laba al-Khushani (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu vyombo vya Ahlul Kitab waliokuwa jirani zao. Alielekezwa kuwa wakipata vyombo vyengine wasile katika hivyo, na wasipopata basi wavikoshe kisha wavitumie. Asili ya Hadithi hii imo kwa Bukhari na Muslim, na katika mapokezi ya Abu Daud imetajwa kuwa watu hao wakipikia nguruwe na kunywea mvinyo katika vyombo hivyo. Tunafahamu kuwa chombo hakiharamiki daima kwa kilichokuwamo. Kinakoshwa, na kinatumika.

Ufafanuzi wake ni huu:

a) Pipa la chakula cha halali, kama zeituni, achari, mafuta ya kupikia, asali au maji ya matunda: ni twahara. Linakoshwa kwa ajili ya usafi tu.

b) Pipa la siki: siki ni twahara. Mvinyo uliogeuka wenyewe kuwa siki hutwaharika pamoja na chombo chake. Wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu siki iliyogeuzwa kwa kutiwa kitu, lakini pipa likishakoshwa vizuri khilafu hiyo haikudhuru tena.

c) Pipa la mvinyo au ulevi mwengine: likoshwe mpaka iondoke dhati ya najisi, ladha yake, rangi yake na harufu yake. Ikibaki rangi peke yake au harufu peke yake baada ya juhudi ya kweli, hiyo imesamehewa. Zikibaki zote mbili pahala pamoja, bado halijatwaharika.

d) Pipa lililojulikana kwa yakini kuwa lilikuwa na nyama au shahamu ya nguruwe: kauli inayotegemewa katika madhehebu yetu ni kulikosha mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo twahara. Imam Nawawi ameeleza kuwa kwa upande wa dalili, kauli ya kutosha mara moja kwa nguruwe ina nguvu. Anayeweza kufanya saba atoke katika khilafu.

Katika kuondosha najisi, maji yamiminwe juu ya pahala penye najisi kisha yamwagwe. Pipa lisitiwe maji kidogo yakaachwa yametuama ndani na najisi imo.

2. JE, NI SALAMA?

Allah ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizi (Suratul Baqara, aya ya 195), na miongoni mwa kanuni kubwa za fiqhi ni kwamba madhara huondoshwa. Plastiki hunyonya sehemu ya kile kilichowekwa ndani yake, na dawa kali ikishaingia haitoki kwa sabuni wala kwa jua.

Kabla ya kununua, angalia chini na ubavuni. Mapipa mengi ya vyakula yana alama ya pembe tatu yenye nambari 2 na herufi HDPE. Hiyo ni aina ya plastiki tu. Haithibitishi kilichowekwa ndani. Alama ya gilasi na uma inaonesha kuwa chombo kilitengenezwa kwa ajili ya kugusana na chakula. Ukiona karatasi yenye umbo la almasi na picha ya fuvu, moto, au tone linalounguza mkono, liache pipa hilo. Uliache pia likiwa na harufu ya petroli, rangi au dawa, au likiwa limepasuka ndani.

Pipa lisilojulikana lilikuwa na nini, hata kama kisharia linahesabiwa twahara, lisiwekwe maji ya kunywa, ya kupikia, ya kutawadhia wala ya samaki. Maji ya udhu huingia mdomoni na puani. Litumike kuwekea taka kavu.

3. NAMNA YA KUSAFISHA

Kwanza, mwaga mabaki yote na usuuze. Vua mpira wa kifuniko uukoshe peke yake, kwani hapo ndipo mafuta na harufu hujificha.

Pili, tia maji ya moto yasiyochemka, maana yanayochemka hulegeza plastiki. Ongeza sabuni kwa pipa la nyumbani, au magadi kwa pipa la samaki. Sugua kwa brashi ya mpini mrefu, kisha laza pipa ulibingirishe. Mtoto asiingizwe ndani ya pipa kusugua.

Tatu, suuza mara tatu au zaidi, mpaka pasiwe na povu wala utelezi.

Nne, jaza maji safi, tia takriban robo lita ya jiki isiyo na manukato kwa pipa la lita 200, na uliache usiku kucha. Kisha mwaga na usuuze vizuri. Tahadhari: jiki isikutane na siki. Zikichanganyika hutoa hewa ya klorini inayounguza mapafu. Pipa la siki lisuuzwe mpaka harufu iishe ndipo litiwe jiki, na kazi ifanyike uwanjani.

Tano, liache wazi juani likauke kabisa.

Sita, lijaze maji, lifunike siku mbili, kisha unuse. Likinuka, rejea hatua ya pili.

Usafi huu wa chombo hauyafanyi maji yenyewe kuwa ya kunywa. Zanzibar imekijua kipindupindu tangu karne ya 19, na kimerudi mara nyingi. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya maji kwa kipimo chake.

4. MAJI YA PIPA NA UDHU

Wengi hawajui kwamba pipa la kawaida, la lita 200 au 210, liko ukingoni mwa mpaka muhimu katika fiqhi ya Shafi. Maji yasiyofika qullatayn huitwa machache, na hunajisika kwa kuingiwa na najisi hata yasipobadilika. Qullatayn hukadiriwa kwa chombo chenye dhiraa moja na robo urefu, upana na kina. Kwa dhiraa ya sentimita 48 hiyo ni lita 216. Wapo waliokadiria pungufu, lakini kwa tahadhari maji ya pipa moja yahesabiwe kuwa ni machache. Imam Malik anaona maji hayanajisiki mpaka yabadilike, na kauli hiyo ni faraja kwa mwenye dhiki.

Kwa hiyo usitawadhe kwa kutia mikono ndani ya pipa. Mtume (s.a.w.) amemkataza aliyeamka usingizini kuingiza mkono chomboni kabla ya kuukosha mara tatu. Pia, kwa madhehebu yetu, aliyekwisha kosha uso akaingiza mkono katika maji machache bila ya kunuia kuteka tu, maji hayo huwa yametumika. Tumia kata, au funga bomba chini ya pipa.

Harufu ndogo ya zeituni au mafuta iliyobaki kwenye plastiki haiondoi sifa ya maji kutwaharisha. Lakini maji yakichanganyika na mabaki mpaka hayaitwi tena maji, hayafai kwa udhu wala josho.

5. MAJI YA SAMAKI WA MAPAMBO

Kufuga samaki kwa ajili ya kuwatazama kunajuzu kwa sharti ya kuwatunza. Mtume (s.a.w.) alimfanyia upole mtoto Abu Umayr kuhusu kindege chake wala hakumkataza kukifuga. Na ametueleza habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa. Samaki hawezi kuondoka kwenye maji mabaya, na hatia ya uzembe ni ya aliyemweka humo.

Samaki hudhurika na kiasi ambacho sisi hatukihisi. Sabuni huharibu mashavu yake ya kuvutia pumzi, na utando wa mafuta huzuia hewa kuingia majini. Klorini, ile inayotuondolea vijidudu, humuua. Kwa hiyo pipa la samaki lisikoshwe kwa sabuni, na lisuuzwe zaidi baada ya jiki. Maji ya mfereji yakae humo saa 24 hadi 48 bila ya kifuniko cha kubana, yakikorogwa mara kwa mara, ili klorini itoke. Kwenye tangi, badilisha sehemu ya maji tu, si yote kwa pamoja.

Maji yanayotolewa kwenye tangi yana kinyesi cha samaki. Yasitumiwe kutawadhia, yamwagiwe miti.

6. KUFUNIKA

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kufunika vyombo usiku, kama ilivyopokewa na Muslim kutoka kwa Jabir (r.a.). Leo tunaiona hekima moja ya amri hiyo: mbu anayeeneza homa ya dengi hutaga kwenye maji safi ya majumbani, na mayai yake hunata ubavuni mwa pipa juu ya usawa wa maji. Basi kila wiki pipa lisuguliwe ubavuni. Pipa la samaki linalohitaji hewa lifungwe kwa kitambaa cha chandarua.

7. NENO KWA WAUZAJI

Anayejua kuwa pipa lilikuwa na dawa, mvinyo au nguruwe ni wajibu wake kumwambia mnunuzi. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta umaji chini, alimkemea muuzaji aliyeuficha. Na asiyejua aseme kuwa hajui, kama alivyofanya muuzaji wenu. Huo ni ukweli, naye atapata ujira wake inshaallah.

MUHTASARI

Pipa la siki litumieni kwa maji ya nyumbani baada ya kulisafisha. Pipa la zeituni nalo ni twahara: litumieni kwa maji ya nyumbani pia, au kwa samaki likiwa halina tena mafuta wala chumvi. Pipa la tatu msilitie maji ya matumizi yoyote tuliyoyataja. Ikiwa mnahitaji mapipa matatu ya maji, nunueni jengine linalojulikana, kwani bei ya pipa ni nyepesi kuliko afya ya mtoto.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.