Ngome ya Karema na Watu Wake

Msafiri atokaye Kakese, katika Manispaa ya Mpanda, akaelekea magharibi mpaka ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, hufika Karema. Ikiwa alitumaini kuona athari za walowezi wa Kijerumani, yaani mashamba makubwa kama yale ya Usambara na Meru, hatazikuta. Mpaka huu ulikuwa mbali mno na pwani, na Wadachi, kama wazee walivyowaita, hawakuja huku kulima. Waliacha boma la Kasanga, walilolibandika jina la Bismarckburg. Na waliacha meli iliyoundwa Papenburg mwaka wa 1913, ikaitwa Graf von Götzen, ikazamishwa na wenyewe mwaka wa 1916, ikaopolewa mwaka wa 1924, na tangu mwaka wa 1927 ikafanya kazi kwa jina la Liemba. Lakini Karema imezitangulia alama hizo zote, na walioianzisha hawakuwa Wajerumani.

Mwaka wa 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliita mkutano mjini Brussels, ikazaliwa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, ambayo ilitangaza kuwa nia yake ni kueneza elimu na kukomesha biashara ya watumwa. Agosti 1879 Kapteni Ernest Cambier alitua Karema, na ngome ikaanza kujengwa karibu na maji. Mahali palichaguliwa kwa ajili ya ziwa, na ziwa ndilo lililowahadaa wajenzi. Mto Lukuga, ulio ng'ambo ya pili, ulikuwa umezibwa kwa tope na majani, maji yakajaa. Mara mlango ule ulipozibuka, maji yakashuka mwaka hata mwaka, na ngome ikabaki nchi kavu.

Wala si maji peke yake yaliyoiacha nia ile ya kwanza. Emile Storms, aliyeshika amri Karema tangu mwaka wa 1882, alivuka ziwa akajenga kituo cha pili huko Mpala. Mwaka wa 1884 watu wake walimwua mtawala Lusinga, na fuvu la marehemu likachukuliwa mpaka Ubelgiji. Basi mkono ulionyoshwa kwa jina la huruma ulikuwa pia mkono wa kutwaa nchi.

Baada ya mkutano wa Berlin, Leopold aliikazia macho Kongo, na ufuko wa mashariki ukaangukia upande wa Wajerumani. Mwaka wa 1885 ngome ilikabidhiwa Mapadre Weupe, wafuasi wa Kardinali Lavigerie. Kuta zilizojengwa kwa ajili ya bunduki zikasikia sala, na kando yake kikakua kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Hawa ndio walowezi hasa wa Karema: hawakuja kutafuta mali, bali waliletwa na msiba, wakaanza upya ugenini. Askofu Adolphe Lechaptois aliongoza kanisa la nchi hiyo tangu mwaka wa 1891 mpaka alipofariki mwaka wa 1917, nalo likaitwa kwa jina la Karema.

Miongoni mwa waliokombolewa, mmoja hasahauliki. Adrien Atiman alizaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa utotoni, akanunuliwa na mapadre, akasomeshwa uganga huko Malta. Alifika Karema mwaka wa 1889, akaoa huko huko, na mwanawe Joseph akawa padre. Aliwatibu watu kwa zaidi ya miaka sitini, mpaka alipofariki mwaka wa 1956. Katika muda huo Wajerumani walikuja wakaondoka, Waingereza wakashika mahali pao, naye alikuwapo bado.

Hapo ndipo swali la alama za kale linapokuwa zito. Ukuta ukitengenezwa na kuandikwa majina ya makapteni tu, mtoto wa Katavi atafundishwa kwamba historia yake ni mali ya wageni waliopita. Na ukuta ukiachwa ubomoke kwa kuwa ulijengwa na wageni, wale waliokimbilia chini ya kivuli chake watapotea pamoja nao. Ngome ya Karema yastahili kutunzwa, na kisa chake kisimuliwe chote: nia njema iliyotangazwa, fuvu lililochukuliwa, maji yaliyorudi nyuma, na watu waliokuja bila chochote wakaifanya nchi ya mpakani kuwa kwao.