Shinikizo la Maji, Pwani ya Kwale

Shinikizo la maji yaliyotulia hupatikana kwa kuzidisha densiti, mvutano wa ardhi (9.81) na kina, hivyo mita 10 za bahari ya Diani, yenye kilo 1,025 kwa mita ya ujazo, huongeza takriban paskali 100,500, karibu sawa na shinikizo la hewa yote iliyo juu yetu. Maji matamu yana kilo 1,000. Tofauti hiyo ya kilo 25, ndogo kwa hesabu, ndiyo rehema ya visima vya Tiwi na Msambweni: maji matamu huelea juu ya yale ya chumvi, na kila mita yanayosimama juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 chini yake, kwa hiyo pampu ikiyateka kwa pupa, chumvi hupanda.