Mgongo wa Karani: Tumetoka Wapi?

Leo tuzungumze juu ya mgongo wako wewe unayefanya kazi ofisini.

Watu wa Ukambani walisifika kwa kutembea. Mwaka 1849 mmishonari Johann Ludwig Krapf alipofika Kitui, mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyabiashara aliyepeleka misafara ya pembe za ndovu hadi pwani. Safari hiyo ilikuwa ya miguu. Baadaye akina mama na wazee walichimba matuta ya mashamba kwa mwethya. Kazi zilichosha, lakini mwili ulisogea.

Serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, ofisi ziliongezeka Kitui mjini na Wote. Karani huketi kutwa, kisha hupanda bodaboda kurudi nyumbani. Usiku kiuno, shingo na mabega vinauma. Wengine hudhani ni figo.

Shida hii ni ya zamani. Mwaka 1700 daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Katika toleo la pili, la mwaka 1713, alieleza kwamba makarani huumizwa na kuketi muda mrefu na kurudia mwendo uleule wa mkono. Katika kitabu hicho hicho alieleza pia wanaosimama kutwa, jinsi mishipa ya miguu yao inavyovimba.

Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walitoa utafiti juu ya mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, walioketi, walipata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima.

Je, ununue ile meza ya kufanyia kazi ukiwa umesimama? Ni nzuri ukiwa unasimama na kuketi kwa zamu. Ukisimama kutwa, utahamisha maumivu kutoka kiunoni hadi miguuni. Kama huna pesa, fanya hivi:

- Inuka kila baada ya nusu saa, utembee kidogo.
- Pokea simu ukiwa umesimama.
- Nyayo ziguse sakafu. Kama hazifiki, weka kibao chini.
- Weka leso iliyokunjwa nyuma ya kiuno.
- Inua kompyuta kwa vitabu hadi ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho.

Nawe mkubwa wa ofisi, karani akisimama usidhani anakwepa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atengeneze mahali pa kazi pamfae mfanyakazi.

Mgongo ukiuma huku miguu inakufa ganzi au inaishiwa nguvu, au ukishindwa kuzuia mkojo, usingoje wala usinunue dawa dukani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa, kama umeketi tangu tuanze, hebu inuka. Kwaheri hadi kipindi kijacho.