Umri wa Bastola za Kale: Alama za Chuma na Ushahidi wa Mtambo

Juu ya silinda ya bastola ya Colt iitwayo Navy, mfano wa 1851, pamechorwa merikebu zikipigana, na kando yake imeandikwa tarehe 16 Mei 1843. Siku hiyo manowari za Texas zilipambana na za Mexico, na mchoro ulitiwa kwa ukumbusho tu. Bastola yenyewe ilianza kuundwa mwaka 1850. Tena mchoro ule ule, pamoja na tarehe yake, ukatiwa katika mfano wa 1860. Mtunza makumbusho aiandikaye silaha hiyo daftarini kuwa ni ya 1843 hukosa kwa miaka saba kwa uchache, na kosa lake hunakiliwa kwa urahisi, maana lina tarehe iliyochongwa kuliunga mkono.

Tarehe za hataza nazo hupoteza vivyo hivyo. Colt ya 1873 huonyesha miaka 1871 na 1872, na baadaye 1875 pia, hali iliendelea kuundwa hata karne ya 20 ilipokwisha kuingia. Tarehe hizo hushuhudia jambo moja tu, kwamba silaha haikuundwa kabla yake.

Anwani iliyopigwa juu ya mtutu husema zaidi. Navy yenye jina la London yatoka katika kiwanda alichofungua Samuel Colt huko mwaka 1853, nacho hakikudumu ila miaka michache. Hata hivyo hapana budi kutazama namba zilizopigwa chini ya mtutu, katika kiunzi, na katika kikingio cha kifyatulio. Zisipolingana, vipande vimekusanywa kutoka silaha mbalimbali, na umri wa kimoja hauwi umri wa vyote.

Mtambo ndio shahidi mgumu kughushi. Hataza ya Rollin White ya 1855, juu ya silinda iliyotobolewa toka mwisho hata mwisho, ilishikwa na Smith & Wesson hata 1869; kwa hiyo waundaji wengine wa Marekani waliendelea na baruti, risasi na fataki. Kanuni hii isivushwe bahari: Ufaransa, Lefaucheux alikuwa akiuza bastola za viasi zamani hizo. Wala isisahauliwe kwamba bastola nyingi za fataki ziligeuzwa baadaye zipokee viasi, hata silinda ikawa changa kuliko mtutu.

Kwa silaha za Ubelgiji, alama ya ukaguzi ya Liège, herufi ELG ndani ya duara refu, ilivikwa taji mwaka 1893. Alama isiyo na taji ni ya kabla ya hapo.

Kiswahili nacho kimehifadhi mpango huu wa mitambo katika majina yake: bunduki ya gumegume, ya fataki, na ya viasi. Lakini majina hayo yasifanywe kalenda. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, ukaruhusu, kwa masharti, bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Basi gumegume iliyopatikana bara yaweza kuwa changa kwa miaka arobaini kuliko Navy ya Colt.