Homoni: Wajumbe wanaoulinda mwili katika joto na saumu ya Garissa

MJINI Garissa, kando ya Mto Tana, joto la adhuhuri hufika nyuzi 36 za Selsiasi na hata kuzidi, hasa katika miezi ya Februari na Machi. Mchungaji anayeswaga ng'ombe kuelekea soko la mifugo hutokwa na jasho kutwa, na iwapo ni mwezi wa Ramadhani, huwa hajatia tone la maji kinywani tangu alfajiri. Hata hivyo, damu yake ikipimwa alasiri, kiwango cha maji, chumvi na sukari ndani yake aghalabu hakitakuwa mbali na kile cha mtu aliyeshinda kivulini akila na kunywa apendavyo.

Uthabiti huo hauji kwa bahati. Husimamiwa saa zote na kemikali ziitwazo homoni. Pale moja tu kati yazo inapokosekana, joto na saumu ambavyo mtu mwenye siha huvistahimili bila taabu huweza kuhatarisha maisha.

Makala haya yanaeleza kazi ya homoni kwa kufuata siku moja ya mfungo katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, zilizounda Mkoa wa Kaskazini Mashariki hadi mwaka 2013, na ambako wakazi wengi ni Waislamu.

Homoni ni nini?

Mwaka 1902, wanasayansi wawili wa London, William Bayliss na Ernest Starling, waligundua kwamba utumbo humimina katika damu kemikali inayoliamuru kongosho kutoa maji ya kusaga chakula, hata baada ya mishipa ya fahamu kukatwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1905, Starling alitumia neno homoni kwa kemikali za aina hiyo. Asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea.

Homoni hutengenezwa na tezi zisizokuwa na mirija. Tezi za mate na za jasho hutoa majimaji yake kupitia vijia maalumu, lakini tezi za homoni humimina zao lake moja kwa moja katika damu. Damu nayo huisambaza homoni mwili mzima, ila seli zinazoitikia ni zile tu zenye vipokezi vyake. Ni kama mbiu ya mgambo: husikika kijiji kizima, lakini anayeinuka ni yule aliyeitwa.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba tezi hujizuia yenyewe. Kazi iliyokusudiwa ikitimia, habari hurudi kwenye tezi nayo hupunguza utoaji. Kwa namna hii mwili hauachi kitu kipande wala kishuke kupita mpaka wake.

Tezi kuu na majukumu yake

Ubongoni kuna sehemu iitwayo haipothalamasi, ambayo hupima joto la mwili na uzito wa damu. Chini yake huning'inia tezi ya pituitari, yenye ukubwa wa njegere, inayotuma amri kwa tezi nyingine nyingi. Tezi ya thairoidi, iliyoko shingoni, huamua kasi ya mwili kutumia nishati. Juu ya kila figo hukaa tezi ya adrenali, inayotoa adrenalini ya dharura, kotisoli ya kuhimili shida za muda mrefu na aldosteroni ya kutunza chumvi. Ovari za mwanamke na korodani za mwanamume hutoa homoni za uzazi, na kongosho, nyuma ya tumbo, hutoa homoni za sukari.

Thairoidi hutegemea madini ya iodini. Yakipungua, shingo huvimba na kuwa rovu, na ndiyo sababu sheria ya Kenya inataka chumvi ya kula itiwe iodini. Lakini kuzidi nako kuna madhara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika nchi jirani ya Somalia watu wengi walikuwa na iodini iliyopita kiasi, na chanzo chake kilikuwa maji ya ardhini. Iodini iliyozidi nayo huweza kuvuruga tezi. Funzo ni lile lile katika homoni zote: afya iko katikati.

Maji: amri inayotoka ubongoni

Mfungaji anapoanza kutokwa na jasho asubuhi, damu yake huwa nzito kidogo. Haipothalamasi huhisi badiliko hilo hata likiwa dogo mno, na hufanya mambo mawili. Kwanza huleta kiu. Pili, huiagiza pituitari kumimina homoni ya vasopresini, ambayo huziamuru figo zirudishe maji katika damu.

Amri hiyo ina uzito mkubwa. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, lakini mkojo unaotoka aghalabu ni lita moja au mbili tu. Kilichobaki hurudishwa mwilini. Ndiyo maana mkojo wa mfungaji huwa kidogo na wa manjano iliyokoza kufikia alasiri. Mtu asiyekuwa na vasopresini huweza kukojoa zaidi ya lita kumi kwa siku, na bila ya kunywa maji mfululizo hawezi kuishi. Aldosteroni nayo huzuia chumvi isipotee, kwa kuwa chumvi ikitoka, maji huifuata.

Hata hivyo, vasopresini ina mipaka. Figo zahitaji angalau nusu lita ya mkojo kila siku ili kuondoa taka za mwili, na homoni hiyo haiwezi kuzuia jasho. Kwa hiyo kivuli mchana na maji ya kutosha kati ya futari na daku ni sharti, hata kwa mtu mwenye nguvu.

Sukari: mizani ya homoni mbili

Damu yote ya mtu mzima huwa na takriban gramu tano za sukari, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Ubongo peke yake hutumia kama gramu 120 kwa siku. Ni dhahiri basi kwamba sukari hiyo lazima ijazwe tena na tena, mchana na usiku.

Wakati wa kufuturu, tende na chai ya maziwa ya ngamia hupandisha sukari upesi. Kongosho huitikia kwa kumimina insulini, homoni inayoziwezesha seli za misuli na mafuta kuipokea sukari na kuliamuru ini kuweka akiba. Akiba ya ini hufikia takriban gramu 100.

Mchana hali hugeuka. Insulini hupungua, na homoni pinzani iitwayo glukagoni, inayotoka katika kongosho hilo hilo, huliamuru ini kufungua ghala. Akiba ikikaribia kwisha, ini huanza kutengeneza sukari mpya na mwili huchoma mafuta, huku kotisoli na adrenalini zikisaidia. Kwa vile Garissa iko karibu sana na mstari wa ikweta, mfungo wake ni wa takriban saa 13 na nusu mwaka mzima. Kwa mtu mzima mwenye afya, muda huo uko ndani ya uwezo wa ini.

Mizani hii ndiyo inayovunjika katika ugonjwa wa kisukari. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili huziharibu seli zinazotengeneza insulini, na mgonjwa hawezi kuishi bila sindano. Katika aina ya pili, iliyo ya kawaida zaidi, insulini ipo lakini seli huitikia kwa uzito, na kongosho huchoka polepole.

Dalili zinazojificha

Hapa ndipo hatari ya pekee ya nchi ya joto inapojitokeza. Sukari ikipanda mno, mgonjwa hushikwa na kiu, hukauka kinywa na huchoka. Sukari ikishuka mno, adrenalini humfanya atetemeke, atokwe na jasho, moyo uende mbio, na hatimaye akili ivurugike. Mchana wa Ramadhani mjini Garissa, ni nani asiyekuwa na kiu? Ni nani asiyechoka na kutoka jasho? Dalili ambazo kwingineko zingemshtua mtu, hapa hudhaniwa kuwa ni saumu na jua.

Kuna namna ya kupambanua. Mfungaji wa kawaida hupata mkojo kidogo. Mwenye sukari iliyopanda huendelea kukojoa sana ingawa hajanywa, kwa kuwa sukari huyavuta maji hadi katika mkojo. Vilevile jasho la baridi kwa mtu aliyeketi kivulini, likiandamana na kutetemeka au maneno yasiyoeleweka, si jasho la joto. Mtu huyo apewe kitu chenye sukari mara moja iwapo anaweza kumeza. Akiwa amezimia, asitiwe chochote kinywani bali akimbizwe hospitalini.

Ukubwa wa tatizo hili umepimwa. Utafiti uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 na kuchapishwa mwaka 2004 uliwahusisha watu zaidi ya 12,000 wenye kisukari. Asilimia 43 ya wenye aina ya kwanza na asilimia 79 ya wenye aina ya pili walifunga siku zisizopungua 15. Visa vya sukari kushuka hadi mgonjwa kulazwa viliongezeka karibu mara tano kwa kundi la kwanza na zaidi ya mara saba kwa kundi la pili.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wa kisukari hushauri mgonjwa amwone daktari wiki sita hadi nane kabla ya Ramadhani. Dawa nyingine, kama metfomini, kwa kawaida hazishushi sukari kupita kiasi zikitumiwa peke yake. Nyingine, kama glibenklamidi na insulini yenyewe, zaweza kuishusha, na vipimo vyake huhitaji kubadilishwa. Anayefunga apime sukari mara kadhaa kwa siku, na afungue ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, ikiwa juu ya 16.6, au akijisikia vibaya. Wanazuoni wengi wa leo wanasema kutoboa kidole kwa kipimo na kudunga insulini havibatilishi saumu. Tena Kurani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na kuikubali ruhusa hiyo si upungufu wa imani.

Tahadhari mbili zaidi zawahusu wakazi wa eneo hili. Maziwa ya ngamia ni chakula bora, lakini hayachukui nafasi ya insulini. Nayo miraa itafunwayo usiku ina kathinoni, kemikali inayouchochea mwili kwa namna inayofanana na adrenalini: moyo huenda mbio na hamu ya kula hupotea. Mtafunaji aweza kukosa daku bila kujali, ilhali soda na chai tamu zinazoandamana na miraa zimekwisha kuipandisha sukari yake.

Homoni katika chupa

Insulini ilipatikana mjini Toronto, Kanada, mwaka 1921 kutokana na kazi ya Frederick Banting, Charles Best na wenzao. Januari 1922 mvulana mmoja akawa mgonjwa wa kwanza kudungwa. Kabla ya hapo, mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hakuwa na tumaini.

Lakini insulini ni protini, na protini huharibiwa na joto. Watengenezaji huagiza chupa ambayo haijafunguliwa ihifadhiwe katika nyuzi 2 hadi 8. Agizo hilo ni zito kwa familia isiyokuwa na jokofu. Katika kambi ya Dagahaley, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab zilizoanzishwa kuanzia mwaka 1991 katika eneo la Garissa, wagonjwa walilazimika kufika hospitalini kila siku ili wadungwe.

Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva viliamua kulichunguza agizo hilo. Joto la ndani ya nyumba za Dagahaley lilipimwa, likaonekana kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Hali hiyo iliigwa katika maabara, na insulini ikawekwa humo kwa wiki nne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba nguvu ya dawa ilipungua kwa asilimia isiyozidi moja, sawa na ile iliyowekwa penye baridi.

Maana yake ni kwamba mgonjwa aliyefunzwa vyema aweza kukaa na chupa yake nyumbani kwa wiki nne na kujidunga mwenyewe. Matokeo haya hayamruhusu mtu kuiacha dawa juani wala ndani ya gari lililofungwa, ambako joto hupita nyuzi 37 kwa mbali. Chungu cha udongo chenye maji, kikiwekwa kivulini, husaidia kupunguza joto, na daktari aulizwe kuhusu kila aina ya insulini.

Mwili wa binadamu una busara yake: huzuia maji figoni, hufungua ghala la ini, na hupiga mbiu kabla ya hatari kufika. Kwa wengi wa wakazi wa Kaskazini Mashariki, busara hiyo yatosha kuwafikisha salama hadi magharibi. Kwa ambaye kongosho lake limeshindwa, kazi hiyo hurithiwa na yeye mwenyewe, jamaa zake na daktari wake, na kuianza kabla ya mwandamo wa mwezi ni bora kuliko kuianzia katika chumba cha dharura.