Bendera Nyekundu Ambayo Haikupandishwa

Siku ya Ijumaa, tarehe 14 Aprili mwaka 1944, makuli wa bandari ya Bombay walirejea kazini baada ya mapumziko ya mchana. Meli waliyokuwa wakiipakua ilikuwa Fort Stikine, iliyofunga gati siku mbili kabla katika Victoria Dock. Yapata saa nane mchana waliona moshi ukitoka katika ngama namba 2, yaani tumbo la pili la shehena. Baadaye ilibainika kuwa mabaharia wa meli za jirani walikuwa wameuona moshi huo tangu kabla ya saa hiyo, wala hakuna aliyepiga kelele. Hawakuwa na sababu ya kushtuka. Kwa macho yao, Fort Stikine ilikuwa meli kama nyingine.

Haikuwa hivyo. Meli hiyo iliondoka Birkenhead, Uingereza, mwezi Februari, ikiwa na takriban tani 1,400 za silaha na vilipuzi, miongoni mwao mabomu, mizinga ya chini ya maji na baruti. Ilibeba pia ndege za kivita na makasha 31 ya dhahabu. Ilipopitia Karachi ikaongezewa mbao, mapipa ya mafuta na marobota ya pamba, na sehemu ya pamba hiyo ikawekwa katika ngama ileile iliyokuwa na vilipuzi juu yake. Yasemekana nahodha wake, Alexander Naismith, alinung'unika kwa mchanganyiko huo. Lakini vita vilikuwa vikiendelea, na nafasi ndani ya meli ilikuwa adimu.

Desturi za bandari zilikuwa na tahadhari yake. Wakati wa amani, meli yenye vilipuzi haikuruhusiwa kuingia gatini. Ilitia nanga mbali, na shehena ikashushwa kwa matishari. Aidha, meli ya namna hiyo ilipaswa kupandisha bendera nyekundu, ili kila aliye karibu aelewe. Vita viliilegeza kanuni ya kwanza. Ya pili ilibaki vitabuni, na Fort Stikine haikupandisha bendera yoyote nyekundu.

Kwa muda wa saa mbili hivi, wazimamoto wa Bombay walimwaga mamia ya tani za maji ndani ya ngama ile. Maji hayo, badala ya kuuzima moto, yaliielesha pamba iliyokuwa ikiwaka na kuinyanyua kuelekea kwenye vilipuzi. Ofisa mmoja wa idara ya silaha aliyefika hapo alionya kwamba meli hiyo yaweza kuilipua bandari nzima. Wengine walijadiliana: izamishwe papo hapo? Ivutwe hadi bahari kuu? Mitambo yake ilikuwa katika matengenezo, hivyo isingeweza kuondoka kwa nguvu zake. Wakubwa walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na rai yake, lakini hapakuwa na mmoja mwenye kauli ya mwisho. Wakati huohuo kazi iliendelea katika magati ya jirani.

Saa kumi na dakika sita alasiri, Fort Stikine ililipuka. Nusu saa hivi baadaye ukafuata mlipuko wa pili, mkubwa zaidi. Mtikisiko ulinaswa na mitambo ya kupimia matetemeko ya ardhi huko Shimla, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000. Meli zaidi ya kumi ziliangamia au kuharibika vibaya, moto ukaingia katika maghala na mitaa, na makumi ya maelfu ya watu wakakosa makazi. Nahodha Naismith alikufa, na wazimamoto 66 wakapoteza maisha. Hesabu rasmi ya waliofariki ni zaidi ya 700. Makadirio mengine hufikia 1,300. Tofauti hiyo si ya ajabu pale ambapo wengi wa waliokufa walikuwa vibarua. Dhahabu ilihesabiwa kwa uangalifu zaidi: tofali moja lilipasua paa la nyumba ya mkazi mmoja mbali na bandari, akalirudisha serikalini, na mengine yaliendelea kuopolewa matopeni kwa miaka mingi.

Watawala wa Kiingereza waliizuia habari hiyo kwa wiki kadhaa. Kabla magazeti ya India hayajaruhusiwa kueleza kilichotokea, Radio Saigon, iliyokuwa mikononi mwa Wajapani, ilikuwa imekwisha kuitangaza. Siri ilikuwa imefichwa kwa wenyeji, si kwa adui.

Utetezi wa siri hiyo ulikuwa umetumika katika vita vilivyotangulia. Tarehe 6 Desemba mwaka 1917, meli ya Kifaransa Mont-Blanc iliingia Halifax, Canada, ikiwa na karibu tani 3,000 za vilipuzi, na mapipa ya benzoli yamepangwa juu ya sitaha. Nayo haikuwa na bendera nyekundu, kwa hoja kwamba bendera hiyo ingeiweka wazi machoni pa nyambizi za Kijerumani. Hoja hiyo ina mantiki katikati ya bahari. Ndani ya mlango mwembamba wa bandari, wenye nyavu za kuzuia nyambizi, haina. Mont-Blanc iligongana na Imo, meli ya Kinorway, ikashika moto. Mabaharia wake, waliojua walichobeba, waliruka katika mashua na kupiga makasia hadi ng'ambo ya Dartmouth, wakipaza sauti za onyo kwa Kifaransa mbele ya watu wasiokijua Kifaransa. Upande wa pili, watu wa Halifax walitoka nje na wengine wakasimama madirishani, watoto kwa wakubwa, kuutazama moto. Saa tatu na dakika nne asubuhi meli ililipuka. Watu wapatao 2,000 walikufa, na vioo vya madirisha vikawatoboa macho mamia ya waliokuwa wakitazama. Karibu mabaharia wote wa Mont-Blanc walinusurika.

Amani nayo haikuiondoa kasoro hiyo. Tarehe 16 Aprili mwaka 1947, huko Texas City, Marekani, meli Grandcamp iliungua ikiwa na zaidi ya tani 2,000 za amonia nitrati, iliyojulikana gatini kuwa ni mbolea tu. Mlipuko wake, na ule wa meli ya jirani uliofuata, uliua zaidi ya watu 500. Miongoni mwao walikuwamo wazimamoto 27 kati ya 28 wa kikosi cha kujitolea cha mji huo.

Mwaka 1965 Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha kanuni za usafirishaji wa shehena hatari, zinazoeleza alama, hati na namna ya kutenganisha shehena zisizopatana. Kanuni hizo zilianza kuwa za lazima kisheria Januari mwaka 2004. Ilichukua miaka 39.

Mwezi Novemba mwaka 2013, meli Rhosus ilitia nanga Beirut ikiwa na tani 2,750 za amonia nitrati kutoka Georgia, zilizokusudiwa kwenda Msumbiji. Haikufika. Mwenye meli aliitelekeza, na nahodha pamoja na baadhi ya mabaharia walizuiliwa ndani yake hadi mwaka 2014, wakiishi juu ya shehena hiyo. Kisha ikahamishiwa ghala namba 12. Barua za kuonya zilipita kutoka meza moja hadi nyingine kwa miaka sita. Maofisa wa forodha walijua, na majaji walijua. Tarehe 4 Agosti mwaka 2020, moto ulipozuka katika ghala hilo, kikosi cha watu 10 wa zimamoto kiliitwa kwenda kuuzima. Hakikuambiwa kilichokuwamo ndani. Wote 10 walikufa saa kumi na mbili na dakika nane jioni, pamoja na watu wengine zaidi ya 200.