Kusasisha na Kuhamia Toleo

Dada mwenye steshenari karibu na shule ya sekondari, hapa mtaani kwetu Morogoro, aliniita nikipita. "Shikamoo mwalimu. Hebu njoo unisomee hiki, kinanisumbua tangu asubuhi." Kwenye kioo cha kompyuta yake palikuwa na ujumbe uliomtaka achague kuwasha upya sasa au baadaye. Mlangoni wanafunzi sita walisimama na flashi zao mkononi, wakisubiri kuchapisha kazi za fizikia. "Mwaka jana kuna kijana alinifanyia apudeti," akasema. "Kompyuta ikarudi na sura nyingine kabisa, printa ikagoma wiki nzima. Tangu siku ile nikiona hilo neno nabonyeza baadaye. Kila siku baadaye." Nikamwambia aahirishe tena mpaka jioni, nitapita tuangalie pamoja.

Njiani nikawa nalifikiria neno lake. Alichofanyiwa mwaka jana na anachoombwa leo huenda si kitu kimoja, lakini kwake vyote ni apudeti, na kwa kuwa kimoja kilimuumiza, amevifungia mlango vyote. Simlaumu hata kidogo. Mimi hutafsiri maandishi ya kompyuta kwa riziki yangu, na najua kwamba sisi tunaotafsiri hatujampa maneno ya kuvitenganisha.

Tuanze na kitu chenyewe. Mfumo endeshi ni programu inayozitangulia programu nyingine zote kwenye kompyuta. Ndio unaogawa kumbukumbu, unaojua kila faili limewekwa wapi, unaopokea herufi kutoka kibodi na kuzipeleka kiooni, kisha printani. Windows ni mfumo endeshi, macOS ni mwingine, Linux ni mwingine, na simu nyingi mifukoni mwetu zinaendeshwa na Android. Wapo wanaosema mfumo wa uendeshaji, nao hawajakosea. Mimi napenda endeshi kwa sababu limeundwa kama saidizi na shirikishi, maneno ambayo kila aliyepita kwenye somo la vitenzi anayajua, na kwa sababu lina usukani ndani yake: kitenzi ni endesha, kile kile cha dereva. Kero ipo moja. Programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuelewana na printa au kamera zimeitwa viendeshi katika baadhi ya tafsiri, na neno hilo hilo nimelikuta limebebeshwa diski. Mafundi wa Kariakoo husema draiva. Hapo nipo upande wa mafundi.

Kiingereza hutenga kazi mbili, "update" na "upgrade", na Kiswahili chetu cha kompyuta kimelipatia neno la kwanza vizuri mno. Sasisha limetoka kwenye sasa, kwa njia iliyotupa fupisha kutoka fupi na hakikisha kutoka hakika. Ni kukileta kitu kwenye wakati uliopo. Mfumo ni ule ule, toleo ni lile lile, sura kwa kawaida haibadiliki; kinachoongezwa zaidi ni viraka. Na kiraka ni neno ambalo halikuhitaji kamati. Shati limetoboka kwenye kiwiko, unashonea kipande, linabaki shati lako.

La pili ndilo lililotushinda. Wengi tumekimbilia boresha, na boresha tayari limechoka kwa kazi nyingine. Tume ya uchaguzi Tanzania inaposema uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, inazungumzia kuandikisha wapiga kura wapya, kurekebisha taarifa zao na kuwaondoa waliofariki, kazi ambayo mimi ningeiita kusasisha. Ofisi nazo zinapofunga dirisha la huduma hubandika karatasi, "tunaboresha mfumo", na mwananchi anajua kwamba arudi kesho. Lakini hayo ni madogo. Ubaya wa boresha ni kwamba limeshakata shauri kabla mtu hajaulizwa. Unataka kuboresha kompyuta yako? Nani atajibu hataki? Bora imekaa ndani ya kitenzi, ilhali ubora wenyewe ndio hasa unaotakiwa kuchunguzwa.

Pandisha nalo nimelijaribu. Zahanati hupandishwa hadhi ikawa kituo cha afya, mwalimu hupandishwa daraja, barabara hupandishwa kutoka changarawe hadi lami. Kote huko kupanda kunaonekana: kituo cha afya kina wodi ya kulaza wagonjwa, daraja jipya lina mshahara wake, lami unaikanyaga. Toleo jipya la mfumo endeshi halina dhamana hiyo. Kwenye mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 linaweza kuketi kama gunia. Namba imepanda, mwendo umeshuka. Kuhuisha ni zuri kwa leseni iliyoisha muda au akaunti ya benki iliyolala, kwa hiyo naliacha huko.

Mimi naandika kuhamia toleo.

Nimepingwa kwamba kuhama kumeshachukuliwa na kazi ya kusafirisha data kutoka mahali hadi mahali. Lakini hiyo ni kuhamisha, na kinachohamishwa ni mizigo. Anayehamia ni mwenye nyumba. Nikaulizwa jina la tendo litakuwa nini, maana uhamiaji umeshakaa kwenye ofisi za pasipoti. Nikajibu kwamba Kiswahili hakijawahi kuona haya kutumia kitenzi chenye ku- kama jina. Kuhamia toleo kulimchukua saa tatu. Sentensi imesimama, haidai nyongeza.

Toleo lenyewe tumelirithi kwa wachapishaji, na urithi huo unasaidia hadi mahali fulani tu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981, toleo la pili likafuata mwaka 2004, la tatu mwaka 2013. Nina la 1981 kabatini, jalada limekatika, na bado nalifungua bila hofu. Hakuna anayeweza kupenya kwenye ukurasa wa herufi K akaniibia. Mfumo endeshi si hivyo. Siku mtengenezaji anapoacha kuushonea viraka, wezi hawaachi kutafuta matundu. Kitu kinabaki mezani kama kilivyokuwa jana, kinawaka, kinachapa, lakini kila tundu litakalogunduliwa kuanzia siku hiyo litabaki wazi. Kwenye tafsiri nyingi siku hiyo huitwa mwisho wa msaada, na neno msaada linapotosha, kwa sababu kwetu msaada ni kitu cha hisani, wa unga au wa mafuriko, kinachoweza kukoma ukaendelea kuishi kwa jasho lako. Ningependa tuseme mwisho wa matunzo. Nyumba isiyotunzwa kila mtu anajua inakoelekea.

Na ndiyo maana kuhama kunafaa. Mtu anayehama haanzi kwa kuuliza kama nyumba mpya ni nzuri. Anauliza kama kabati litapita mlangoni, kama maji yanatoka, na hii ya sasa kodi yake inaisha lini.

Chukua Windows 10, ambayo ndiyo ipo kwenye meza nyingi. Ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikafunga matunzo yake ya kawaida. Kwa watumiaji wa majumbani kampuni iliweka nafasi ya kujiandikisha wapate viraka vya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mashirika yaliwekewa bei yao, inayoongezeka kila mwaka. Kodi ya nyumba ya zamani, basi, inajulikana inaisha lini. Mlango wa nyumba mpya nao unajulikana upana wake. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, inataka kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya diski isiyopungua gigabaiti 64, chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, ambayo kazi yake ni kutunza funguo za siri mbali na programu za kawaida, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya kampuni. Kwa prosesa za Intel orodha hiyo, ukiacha chache, huanzia kizazi cha 8, kilichoingia sokoni mwaka 2017.

Hapo ndipo penye uchungu kwetu. Kompyuta nyingi za steshenari, za shule na za ofisi ndogo ni zile zilizokwisha kufanya kazi Ulaya, au zilizopitia Dubai, na muuzaji hukutajia kizazi kama anavyokutajia bei: i5 kizazi cha 4, i5 kizazi cha 6. Ni mashine ngumu, kibodi zake hazichakai upesi, na kwa kuandika barua na kupiga hesabu bado zina miaka mingi. Kabati zima, mlango mwembamba. Wapo vijana wanaolipitisha kwa nguvu, wakizizima zile hatua za ukaguzi, na toleo jipya linaingia kweli. Ila Microsoft imeeleza wazi kwamba mashine zisizotimiza masharti hazina uhakika wa kupata masasisho. Umehamia, lakini jina lako halimo kwenye daftari la mwenye nyumba.

Sasa utaona kwa nini nagombania maneno. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilianza kuenea, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia, na ndani ya siku chache kilikuwa kimefika zaidi ya nchi 150. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu ya wagonjwa. Wengi walidhani waliopatwa ni wale waliong'ang'ania Windows XP, ambayo matunzo yake yaliisha Aprili 2014. Walipohesabiwa, mashine nyingi zilikuwa za Windows 7, toleo ambalo wakati huo lilikuwa bado linatunzwa, na kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa Machi, miezi miwili kabla. Hawakuponzwa na kukataa kuhama. Waliponzwa na kutokusasisha. Mtu mwenye neno moja kwa mambo yote mawili hawezi hata kulielewa funzo la tukio lile, maana ataambiwa "fanya apudeti" naye atakumbuka printa iliyogoma wiki nzima.

Kwa hiyo msimamo wangu nautofautisha. Kusasisha sikujadili. Bando likiwa dogo, panga usiku, au tumia mtandao wa ofisi, lakini usikuache. Kuhamia toleo nakujadili mpaka mwisho. Kwanza nakala rudufu ya kila faili kwenye diski ya nje, na hiyo diski ichomolewe, isibaki imening'inia kwenye mashine. Kisha draiva: tafuta kama mtengenezaji wa printa yako ametoa draiva ya toleo unalohamia, kabla hujahama. Printa ya dada yule ilikuwa modeli ya zamani, na kwa toleo jipya hapakuwa na draiva iliyoshuka yenyewe. Wiki nzima iliteketea kwa kitu ambacho dakika kumi za kutafuta zingekionyesha. Kisha umeme na bando, kwa sababu kuhama kunashusha gigabaiti kadhaa na hakutaki kukatizwa katikati. Ukishahamia Windows 11 kutoka 10 unapewa siku 10 za kurudi ulikotoka. Zitumie siku hizo kwa kazi zako zote, hata ile ya mara moja kwa mwezi, usizimalize kwa kutazama rangi za madirisha.

Kwa mashine ya kizazi cha 4 isiyopita mlangoni, ushauri wangu si kuitupa wala kuisukuma. Kuna kuhamia mtaa mwingine kabisa. Ubuntu, toleo mojawapo la Linux, ilianza Oktoba 2004, mwanzilishi wake ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa damu wa neno letu utu. Matoleo yake ya matunzo marefu hutoka kila baada ya miaka miwili na hushonewa viraka bure kwa miaka mitano. Mwaka huo huo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizosema Kiswahili kuanzia menyu hadi maonyo. Nilipoifungua mara ya kwanza nilisoma kila menyu kwa sauti, peke yangu chumbani. Kazi ile ilionyesha kwamba maneno yakitafutwa kwa bidii yanapatikana.

Jioni nilirudi steshenari. Dada alikuwa ameteremsha nusu ya mlango wa chuma na kukalia boksi la karatasi. Tukaufungua ujumbe, tukausoma neno kwa neno. Lilikuwa sasisho la usalama la mwezi ule, toleo halibadiliki. "Yaani hiki ni kiraka tu?" akauliza. Kiraka tu. Akabonyeza mwenyewe, kisha akaondoa mkono haraka kama aliyegusa sufuria. Asilimia zikahesabika polepole, kioo kikawa cheusi, kikawaka. Picha ya binti yake ilikuwa mahali pake. Akatuma ukurasa mmoja printani, ukatoka.

Akaugeuza ukurasa ule, akachukua kalamu ya wino mzito na kuandika upande mweupe: KIRAKA, RUHUSU. KUHAMA, MPIGIE MWALIMU KWANZA. Akaubandika kwa solotepu chini ya kioo, akaulizia flashi iliyosahauliwa na wanafunzi ni ya nani, akazima taa.